Kabla ya kupiga Windows tena, badili diski

Kuna ugonjwa mmoja wa laptopu ambao mafundi wengi mjini wana dawa moja tu kwake: "Hii tuipige Windows upya." Laptopu inachukua dakika tano kuwaka, ukifungua Word unapata muda wa kwenda kumimina chai, ukifungua na kivinjari juu yake basi inastaki kabisa. Unaiacha kwa fundi, unalipa, jioni unaichukua ikiwa nyepesi. Baada ya wiki chache masasisho yameingia, antivirusi imeingia, programu zinazojiwasha zenyewe zimerudi, na hali ni ileile. Ukirudi kwake anakwambia mashine imezeeka bosi, tafuta nyingine.

Mimi sikubaliani naye. Laptopu nyingi zinazoambiwa zimezeeka hazina shida ya uzee. Zina hadidiski ya kuzunguka ambayo haiwezi kazi ya leo. Jipime mwenyewe kabla hujampelekea mtu hela. Ikiwa inasuasua hivyo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Task Manager, halafu tazama safu ya Disk. Ukikuta imesimama kwenye asilimia 100 huku CPU, yaani prosesa, iko chini kabisa, jibu unalo: prosesa imekaa tu inasubiri diski.

Sababu yake ni ya kimakanika. Hadidiski nyingi za laptopu huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 11. Kila faili dogo likihitajika, mkono wenye kichwa cha kusomea husogea, kisha husubiri sehemu yenye data izunguke ifike pale. Ni kama karani wa masijala anayepanda ngazi na kushuka kwa kila jalada moja. Kwa mwendo huo diski haimudu maombi madogo zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde, ilhali Windows ikiwaka huomba mafaili kwa maelfu. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka, hujibu ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde. Wauzaji hupenda kutaja kasi ya kunakili, kwamba SSD ya SATA (aina ya kawaida ya kiunganishi cha diski) hufika MB 550 kwa sekunde na hadidiski ni kama 100. Ni kweli, lakini hilo utaliona ukinakili filamu. Kinachobadilisha maisha ni yale maombi madogo.

Ndiyo maana nasema anza na diski kabla ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa. Najua wapo watakaobisha. Mwenye GB 4 za RAM anahitaji kuongeza, sikatai, lakini RAM ikijaa Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na hapo tofauti ya hadidiski na SSD ni usiku na mchana. Ukiwa na hela ya kimoja tu, nunua SSD.

Kazi yenyewe inaogopwa bure. Chukua ThinkPad X230, mashine ambayo bado utaiona kwenye maduka ya laptopu za mtumba. Toa betri kwanza. Pembeni kuna kifuniko kidogo cha diski kilichoshikwa na skrubu moja; ifungue, vuta ulimi wa plastiki, na diski inateleza nje ikiwa na raba mbili ubavuni. Hamisha raba kwenye SSD mpya, isukume ndani hadi ishike, rudisha skrubu. Bisibisi moja tu. Angalia jambo moja: nafasi ile ni ya diski yenye unene wa milimita 7, na zile za zamani za milimita 9.5 haziingii. SSD za inchi 2.5 karibu zote ni milimita 7, kwa hiyo huna wasiwasi. Mashine nyingine zinataka kufungua mgongo wote, na hapo kama mkono wako ni mzito mpe fundi, hakuna aibu.

Palipo na mtego ni kwenye zile SSD nyembamba za M.2, zinazofanana na kijiti. Kuna za SATA na kuna za NVMe, njia nyingine ya mawasiliano yenye kasi zaidi, na kwa sura zinafanana sana, na tundu linalokubali SATA peke yake halitaitambua NVMe hata ukiibembeleza. Tafuta modeli kamili ya laptopu yako kabla ya kwenda dukani. Na NVMe kwa kazi za ofisini haikupi raha kubwa kuliko SATA. Asikuuzie mtu kwa maneno.

Ukubwa nao. Wateja wengi wakiona laptopu ya GB 500 yenye hadidiski na nyingine ya GB 256 yenye SSD, hukimbilia namba kubwa. Kosa. GB 256 inamtosha mwalimu, mhasibu na mwanafunzi wa chuo, na kinachojaza zaidi ya hapo mara nyingi ni sinema. (Windows ikikuonyesha 238 usimtukane muuzaji. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.) Ila ukiuziwa terabaiti kwa bei ya kutupa, ijaribu kwa programu ya H2testw kabla hujaweka kitu cha maana, maana zipo feki zinazotangaza ukubwa ambao hazina.

Siyo kwamba SSD inaponya kila kitu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiikubali mashine ya umri wa X230. Kwenye hiyo ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, nikaendelea na maisha. Halafu hadidiski ikianza kufa mara nyingi hulalamika kwanza, inagonga, inasuasua. SSD inaweza kuzima leo bila kuaga. Bakapu haikwepeki. Lakini kwa anayebeba laptopu ikiwa bado inawaka kwenye begi, juu ya bodaboda, barabara ya vumbi na matuta, hadidiski ndiyo iko hatarini zaidi.

Jambo la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote. Baadhi ya mafundi wakishabadilisha hubaki na diski ya zamani, na mteja anaondoka bila hata kuiulizia. Humo kuna picha za familia, nakala za kitambulisho, mikataba, na kufuta mafaili au kufomati haraka hakuviondoi. Mwenye programu ya kurejesha data anavipata. Ikiwa bado nzima, inunulie kikasha cha USB uhifadhie sinema zako. Ukitaka kuigawa, ifomati ukiwa umeondoa tiki ya Quick Format, Windows iandike sifuri diski nzima, hata kama itachukua saa kadhaa. Na fundi akisema diski kuukuu ni sehemu ya malipo yake, muongezee hela kidogo, diski uondoke nayo.