Mama Mkwe na Shawa ya Umeme

Arusha ya Julai haina mzaha. Jua linajificha nyuma ya mawingu ya Mlima Meru mpaka mchana, na maji ya bomba asubuhi yanauma hadi kwenye mifupa. Sisi tulikuwa tunaishi kwa ndoo na ile koili ya kuzamisha majini, ambayo ukijaribu maji kwa kidole kabla hujaichomoa, inakusalimia yenyewe. Tulishazoea. Kisha ikaja habari kwamba mama mkwe anapanda kutoka Tanga, na kwa mtu wa Tanga maji ya baridi ni ya kunywa tu.

Mama watoto akatangaza: nyumba ipate hita.

Kuanzia hapo kila mtu akawa injinia. Jirani akanisifia sola ya juu ya paa, eti hutumii umeme hata wa senti, ni jua tu. Nikainua macho mbinguni. Jua lenyewe nilikuwa silikumbuki lilivyo. Shemeji akapigia debe boila la lita 50: unawasha, unasubiri, yakipata moto linajizima lenyewe. Nikaenda dukani kuuliza bei. Muuzaji, kabla ya kunijibu, akanisogezea kiti.

Fundi umeme akamaliza ubishi. "Bosi, hayo yote ya nini? Weka shawa ya umeme." Akanieleza kwamba ndani yake mna koili na kipande cha mpira, maji yakija kwa nguvu yanausukuma mpira, mpira unawasha swichi, na maji yanatoka ya moto papo hapo. Wati 5,500. Oga dakika kumi, umekula karibu uniti nzima. Akavuta waya mnene wa peke yake, akafunga breka na waya wa ethi, akapokea chake.

Alichosahau kuangalia ni tangi. Letu limekaa juu ya banda la kuku, karibu usawa mmoja na shawa. Maji yakaja kwa kudondoka, mpira ukasukumwa nusunusu, swichi ikawa inalia ta-ta-ta bila kuamua iwake au izime. Fundi akarudi na pampu. Sasa maji yakatoka kama ya gari la zimamoto, na baridi ile ile, kwa sababu yanapita mbio mno hayawahi kupata moto. Dawa yake ni kubana bomba: maji kidogo, moto mwingi. Mama watoto aliahidi kumweleza mama yake.

Jumamosi mama mkwe akaingia bafuni. Mama watoto alikuwa soko la Kilombero, na maelezo alikuwa kaenda nayo. Nyumbani tumebaki mimi na mwanangu wa miaka mitano.

"Uuuwi!"

Sasa, mkwe ni mkwe. Mwanamume mzima husimami mlangoni pa bafu ukamfundisha mama mkwe kuoga. Nikamnong'oneza mtoto: "Kimbia, kamwambie bibi apunguze."

Mtoto akafika, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Bibi! Baba anasema upungue!"

Kimya. Kisha: "Nipungue?"

"Ndiyo! Eti umezidi!"

"Maji!" nikapiga kelele nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni. "Sema maji!"

"Eti maji, bibi!"

Bibi akaelewa kwamba anatakiwa aongeze maji. Pampu ikanguruma. Uuuwi ya pili ikawatoa kuku bandani.

"Afunge nusu! Nusu!"

"Bibi, funga!"

Akafunga yote. Nikasikia akimuuliza Mungu maswali, huku sabuni imeshamjaa usoni. Akafungua tena, safari hii taratibu, kidogo tu, na nikasikia lile pumzi refu la mtu aliyefikiwa na maji ya moto. "Aaah. Alhamdulillahi."

Nikakaa. Nikajimiminia chai.

Mita ya luku ikaanza kulia ukutani.

Nikarukia simu. Nikanunua, ujumbe ukaja, tarakimu 20. Nikaanza kubonyeza kwenye mita. Nilikuwa nimefika tarakimu ya 14 hivi pale uniti zilipoisha. Taa ikazima, shawa ikazima, na pampu nayo ikazima, kwa hiyo hata yale ya baridi yakarudi kudondoka tone moja moja.

"Nini tena huko?" sauti ikatoka gizani.

Mtoto hakusubiri kutumwa. "Bibi, luku ilikuwa inalia!"

"Mwambie baba yako hata mimi nalia!"

Umeme uliporudi hakukuwa na mtu bafuni. Mama mkwe alipita sebuleni amejifunga kanga mbili, povu bado limo sikioni. Nikainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu bila kugeuka. "Mkaa mnanunua wapi?"