Bomani nako ni ndoa jamani
Huyo mchungaji kwenye habari anasema waliofunga ndoa bomani, yaani ofisi ya serikali kwa mkuu wa wilaya (DC), wanaishi kwenye dhambi, mi nimecheka kwanza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote, sasa dhambi iko wapi hapo?? Tangazo siku 21 limebandikwa, mashahidi wawili wapo, cheti kinatoka. Huku kwetu Ujiji, Kigoma, bamdogo alikaa na mama watoto miaka kibao sababu harusi ya kanisani na kamati zake ni hela ya dagaa ya msimu mzima, mwisho wakapanda zao bodaboda mpaka kwa DC wakafunga, na bado kanisani wakanyimwa meza ya Bwana. Ila nakubali kitu kimoja, bomani unaulizwa mke mmoja au wake wengi, sasa Mkristo akisema wake wengi huyo ndo mchungaji amkalishe chini, sio bamdogo aliyesema mmoja tu. Na wale wanaokaa bila cheti chochote ila bahasha ya sadaka haikosi, mbona hao hatuwasikii wakihubiriwa