Nyumba yangu, ardhi yako: haki iko wapi hapo?

Mtu wa bara ukimwambia "nyumba bila ardhi" hucheka, adhani ni utani. Lakini Mombasa ni kawaida, Majengo, Kisauni, Likoni, nyumba umejenga kwa jasho lako, ardhi ya mwenzio, wamlipa kodi ya ardhi na siku akitaka kiwanja chake ndio mwanzo wa kesi.

Barazani mada hii ikiingia hakulaliki. Kuna wanaosema mali ni mali, mtu ana hati, wewe ulijenga ukijua. Hawa bila kujua wako na Robert Nozick, mwanafalsafa Mmarekani aliyeandika 1974 kwamba haki si kuhesabu nani ana kingi nani ana kidogo, ni kuangalia mali ilipatikana vipi, kama ilipatikana kihalali na ikapita mkono kwa mkono kwa ridhaa basi yamekwisha, hata mmoja awe na mtaa mzima. Na siwabezi, manake wako wenye viwanja ambao ni wajane tu, hiyo kodi ndio unga na mchele.

Wengine ni wa John Rawls, mwanafalsafa mwengine Mmarekani aliyeandika 1971, hata kama hawajamsikia. Yeye asema jifanye hujui utazaliwa mwenye ardhi ama skwota, yaani mkaa kwa ardhi asiyo na hati yake, kisha ndio utunge sheria. Sasa nani atakubali mfumo wa kukaa miaka 40 halafu uvunjiwe kwa notisi? Mie sikubali.

Ila watetezi wa hati hawamfuati Nozick mpaka mwisho! Alisema pia, mali ikiwa chanzo chake ni dhulma lazima irekebishwe. Basi turudi 1908, wakoloni walipoleta sheria ya hati za ardhi hapa Pwani, aliyepeleka madai akakubaliwa alipata karatasi, isiyodaiwa ikawa ya serikali, na Wamijikenda wengi waliolima na kuzika wazee wao hapo wakabaki maskwota.

Shida, miaka zaidi ya 100 imepita na kiwanja kimeuzwa na kuuzwa tena. Aliyenunua juzi katoa pesa zake halali, umnyang'anye? Shamba la Waitiki kule Likoni, la mtu binafsi lakini limejaa maskwota, serikali iliamua kununua kwa shilingi bilioni 1.1, wakaazi wakaanza kupewa hati 2016. Afadhali hivyo kuliko tingatinga, lakini bilioni hiyo ni ushuru wetu sote, hata wa muuza viazi karai wa Majengo ambaye mwenyewe bado yuko kwa nyumba bila ardhi.