Nne kwa tatu: Wachikano na riwaya zao za mauaji

Tarehe 29 Agosti 1970, maelfu ya Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliolichukua jina hilo kwa fahari, waliandamana mashariki mwa Los Angeles kupinga vita vya Vietnam. Maaskari wakawatawanya kwa virungu na gesi ya machozi. Jioni hiyo mwandishi wa habari Rubén Salazar, ambaye kalamu yake ilikuwa imewaudhi polisi kwa muda mrefu, aliingia baa ya Silver Dollar kwenye barabara ya Whittier, akaketi na bia yake. Mlangoni palining'inia pazia tu. Askari wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, akafyatua kupitia pazia hilo kombora la gesi la aina inayotoboa kuta. Likampiga Salazar kichwani, akafa.

Uchunguzi wa kifo chake ulichukua siku 16, watu wakiufuatilia kwenye televisheni. Wajumbe wa jopo walikuwa saba. Wanne walisema Salazar amekufa kwa mkono wa mtu, watatu wakasema ni ajali. Mwendesha mashtaka akaamua kutomshtaki yeyote.

Hesabu hiyo, nne kwa tatu, hainitoki akilini. Kama wote saba wangesema ni ajali, mtu angeweza kulalamika kwamba jopo lilipendelea. Lakini waliokuwa wengi walisema waziwazi kwamba kuna mkono wa mtu, serikali ikasikia, na bado hakuna aliyepandishwa kizimbani. Familia ikabaki na kura nne ambazo hazina pa kupelekwa. Mtaa mzima nao ukabaki na swali ambalo limekwisha kujibiwa nusu, na swali la namna hiyo humkosesha mtu usingizi kuliko lile lisilo na jibu kabisa.

Nimeanzia huko kwa sababu riwaya za upelelezi za Wachikano zinashutumiwa kwamba ni za kibiashara, na kwamba zinawaumiza watu ambao tayari wanatazamwa kama wahalifu. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaijua sauti hiyo, maana riwaya pendwa zetu nazo zilisemwa vivyo hivyo.

Shutuma yenyewe ina mizizi. Mwaka 1942, kijana José Díaz aliuawa karibu na bwawa lililoitwa Sleepy Lagoon, huko Los Angeles. Vijana 17 wakatiwa hatiani, na ofisi ya sherifu ikatoa ripoti iliyodai kwamba Wameksiko wamerithi kiu ya damu kutoka kwa Waazteki, wenyeji wa kale wa Meksiko. Rufaa ilizitengua hukumu hizo mwaka 1944, baadhi yao wakiwa wamekwisha kukaa gerezani karibu miaka miwili. Mtu aliyekulia chini ya maneno kama hayo, akiona kitabu chenye maiti kwenye jalada na jina la Kichikano chini yake, ana haki ya kushtuka. Wengine wanaongeza kwamba kachero wa riwaya hutembea peke yake, ilhali harakati za Wachikano zilikuwa za umma.

Lakini tukifungue kitabu chenyewe. Lucha Corpi, mshairi aliyezaliwa Veracruz, Meksiko, alitoa Eulogy for a Brown Angel mwaka 1992. Kinaanzia katika maandamano yaleyale ya Agosti 1970. Gloria Damasco, mama kijana, anakuta kando ya njia maiti ya mtoto wa miaka minne. Salazar anakufa siku hiyohiyo, umbali mfupi kutoka hapo. Gloria si polisi. Anachokuwa nacho ni marafiki, kumbukumbu, na njozi zinazomtisha mwenyewe. Kesi inamchukua miaka 18. Harakati zinapoa, watu wanazeeka, yeye bado anamkumbuka mtoto. Corpi angeweza kuwatwisha polisi kila kitu, na wasomaji wake wangempigia makofi. Badala yake njia inaingia ndani, katika siri za familia ya mtoto huyo. Anayesema riwaya hizi zinawapaka watu tope hajaona ugumu wa alichokifanya mwanamke huyu: kuwadai haki wenye bunduki na papo hapo kuwauliza ndugu zake maswali wasiyoyataka.

Manuel Ramos, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasheria wa Denver, alifuata njia ya karibu na hiyo mwaka 1993 katika The Ballad of Rocky Ruiz. Mwanaharakati kijana aliuawa miaka mingi nyuma, na sasa wakili Luis Montez, mchovu na mwenye madeni, analazimika kurudi kwa wenzake wa ujanani. Sioni upweke wa kachero hapo. Naona kizazi kizima kikiitwa kutoa ushahidi.

Kuna mahali nawapa haki wapingaji. Katika Zia Summer ya Rudolfo Anaya, mwanamke anakutwa amekamuliwa damu, na alama ya jua imechongwa tumboni mwake. Anaya nampenda, lakini ukurasa huo naupita haraka kila mara. Mwili wa mwanamke umegeuzwa maonyesho, na mhalifu anakuwa karibu mchawi wa ulimwengu mzima, mpaka Albuquerque yenyewe, mji wa riwaya hiyo, inafifia.

Pamoja na hayo, umbo hili la riwaya limewafaa watu ambao majalada ya kesi zao yalifungwa mapema. Michael Nava, mwanasheria wa California, alimleta wakili shoga Henry Rios mwaka 1986 katika The Little Death. Kijana wa ukoo tajiri anakufa, inasemekana dawa za kulevya zimemzidi, na Rios, aliyempenda, hakubali. Miaka 30 baadaye, 2016, Nava aliiandika upya riwaya hiyohiyo na kuipa jina jipya, Lay Your Sleeping Head. Kifo ni kilekile na maelezo ya polisi ni yaleyale. Rios naye bado anakataa kutia sahihi.