Jamani tuacheni tucheze

Hivi nani aliwaambia hawa watengeneza gemu kwamba mtu akitoka kazini anatafuta kazi nyingine? Maana siku hizi ukiwasha gemu, kabla hujashika hata upanga unaambiwa subiri apdeti, unasubiri weee, ikiisha fungua akaunti, weka nywila, nywila yako dhaifu ongeza herufi kubwa, kubali vigezo na masharti, haya nimekubali hata kama nimeuza figo, naingia ndani nakuta orodha ya misheni za leo, misheni za wiki, na usipoingia kesho zawadi imekupita. Nidhamu hiyo bosi wangu hajawahi kuipata kwangu!!

Halafu yule anayekufundisha. Bonyeza hapa kuruka. Nimeruka. Hongera, umeruka! Ndugu, mimi nina mvi. Na bado hujauziwa yale maboksi ya bahati, unalipa hela ya kweli bila kujua kilichomo, unafungua unapata kofia. Ubelgiji 2018 walisema wazi hiyo ni kamari, nikasema angalau kuna watu wameamka.

Ndo maana mimi ni wa Minecraft, lile gemu la kujenga kwa maboksi, mnicheke tu. Imetoka rasmi 2011, jua boksi, ng'ombe boksi, na imeshauza nakala zaidi ya milioni 300, kwa sababu inakutupa porini na kukuacha. Usiku unaingia (siku yao nzima ni dakika 20, kwa hiyo unaingia fasta) na hujajenga hata kibanda, shauri yako. Hata Creeper, lile jitu la kijani linalokunyemelea kimyakimya likakulipua wewe na ukuta wako, lilipatikana kwa bahati mbaya, jamaa aliyelibuni gemu alikuwa anatengeneza nguruwe akachanganya urefu na kimo, likatoka limesimama wima. Lingekuwa gemu la hawa wengine lingefutwa kwenye apdeti asubuhi yake.

Sasa ugonjwa huohuo wa kugeuza mchezo kuwa kazi naona umetukuta hadi kwenye LEGO, yale matofali ya plastiki ya kuchezea, na hapa sisi wenyewe ndo wa kulaumiwa. Tofali lile lilisajiliwa Denmark 1958, na la mwaka ule linabana vizuri tu na lililotoka jana, wakati chaja ya simu ya juzi haiingii kwenye simu ya leo. Vipande sita vya rangi moja, vile vyenye vitufe vinane, vinaungana kwa namna zaidi ya milioni 915. Milioni 915! Na sisi watu wazima tunafanyaje, tunafungua kijitabu, ukurasa wa kwanza, wa pili, hadi itoke gari ileile iliyochorwa kwenye boksi, kisha tunaipandisha juu ya kabati na mtoto akiinyooshea kidole tu, we usiguse hiyo ya baba.

Mwanangu wa mwisho hana habari na kijitabu. Kang'oa magurudumu ya gari la mbio kamfunga dinosaria, mama yake akaanza kufoka, nikamwambia muache mama watoto, dinosaria ana haraka zake, hata mkia kapewa bawa la ndege ili asipinduke kwenye kona, na ukimuuliza anakueleza kabisa injini iko tumboni. Fundi!

Ila ukisema sasa tuokote vipande, fundi kasinzia ghafla, mama yake simu imeita, na anayeamka usiku kwenda chooni peku ni mimi.