Kabla ya leza, chupa ya argoni

Tangu bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, liwe gumzo, kijana wa Tanga anayetafuta kazi huambiwa akajifunze kuchomelea. Sasa ubishi wa karakana za Ngamiani umehamia kwingine. Vijana wanaonyeshana kwenye simu leza ikishona bati la titani kama cherehani, wanauliza mbona wao bado wanafundishwa tochi ya argoni, ile inayoyeyusha kwa arki ya umeme huku ikipuliza gesi ya argoni kufunika mshono usiguswe na hewa. Wazee wanawajibu kwamba hayo ni mambo ya viwanda vya ndege.

Wenye leza wana hoja, tena nzito. Mwanga unakusanywa kwenye doa lisilofika milimita moja, unatoboa kitundu chembamba cha mvuke na kuzama ndani ya madini bila kutanuka pembeni. Mshono unatoka mwembamba na kipande hakipindi. Kile kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuongoza mapigo ya moyo, kifuko chake cha titani hufungwa kwa leza, kwa kuwa betri na saketi ziko hapohapo karibu na mshono. Kwa kazi ya namna hiyo sina ubishi.

Ila wazee nao wanasemewa vibaya. Wanaonekana waoga wa mambo mapya, kumbe wanacholinda ni ujuzi ambao leza haijaufuta. Titani huyeyuka kwenye nyuzi 1,668, lakini balaa huanza mapema mno: ikipita nyuzi 400 na ushei huanza kunywa oksijeni na naitrojeni ya hewani, na ikishakunywa hugeuka kavu, ya kukatika. Rangi ndiyo inayotoa siri. Mshono wa rangi ya fedha ni salama. Wa manjano ya majani makavu unavumilika. Ukifika buluu, wasiwasi. Ukiwa wa kijivu au una unga mweupe, kata utupe. Na hapa pana ujanja mchafu: buluu hiyo hufutika kwa brashi ya waya, ikabaki inang'aa, lakini udhaifu umebaki palepale. Namjua fundi mmoja ambaye kijana akimpelekea kipande, swali la kwanza ni, "Umekipiga brashi, mwanangu?" Akijibu ndiyo, mzee hakitazami.

Sasa fikiria leza. Sifa yake kubwa ni kasi, na kasi hiyohiyo ndiyo mtego. Kichwa kinapita mbio, mshono unabaki nyuma ungali wa moto, nje ya mfuniko wa gesi. Titani nayo haipitishi joto haraka kama alumini, kwa hiyo joto halitawanyiki upesi. Dawa yake ni kisanduku cha argoni kinachoburutwa nyuma ya kichwa, na gesi nyingine upande wa chini wa bati. Hilo video za simu hazilionyeshi. Kijana wa argoni analijua mkononi: umeme ukizimwa, tochi haiondoki, inabaki juu ya mshono gesi ikiendelea kupuliza mpaka upoe. Sekunde hizo ambazo mtazamaji huziona za uvivu ndizo kazi yenyewe.

Kuna na mwanya. Doa la leza ni dogo, kwa hiyo vipande lazima vikutane sawasawa. Bati la milimita 2 halitaki mwanya unaozidi sehemu ya kumi ya unene wake. Mwenye kukata kwa grenda na jicho atapata tabu. Wa argoni anaongeza waya, mambo yanakwenda.

Kwa hiyo chuo kikiniuliza, nitasema mashine mbili za argoni na chupa zilizojaa kabla ya leza moja. Leza ije baadaye, imkute fundi aliyekwisha kuzoea kusubiri gesi. Na iwekwe kwenye chumba chenye mlango unaofungwa. Mwanga wa arki ukikupiga, usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga, kisha kwa kawaida yanapona. Mwanga wa leza hizi hauonekani, na ukirudi kutoka kwenye bati linalong'aa unaweza kuunguza ndani ya jicho moja kwa moja. Vibanda vyetu vingi viko ukingoni mwa barabara, na mtoto aliyetumwa sukari hupita hatua mbili tu kutoka kwenye meza ya kazi.