Chafya Msibani

Asubuhi tuliyompeleka baba mkubwa makaburini, gari langu lilipiga chafya mara tisa, likazimika mara nne, na mara moja likatoa mlipuo uliowafanya madereva wote wa msafara wasimame kukagua matairi yao. Jamaa zangu wamekuwa wakikisimulia kisa hiki katika kila mkutano wa ukoo, tena bila kutaja sababu zake za kiufundi, na mimi naona kwamba kama ni lazima niaibike, heri niaibike kwa usahihi.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya kizazi cha kwanza, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1997: refu, lenye pembe kama sanduku, ambalo mtu akiliona humfikiria mzazi anayechelewa kuwachukua watoto shuleni. Hata hivyo langu ni lile lenye injini ya lita 2.0 yenye tabo, yaani mtambo unaoisukumia injini hewa ya ziada, silinda nne zilizolala mbili kulia na mbili kushoto, nguvu farasi 240. Injini hiyo ni ya ukoo mmoja na ile ya Impreza, gari lililoipa Subaru ubingwa wa watengenezaji katika rali za dunia mwaka 1995, 1996 na 1997. Alama pekee ya siri hiyo ni tundu lililo juu ya boneti, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba lile ni urembo tu. Sikumsahihisha.

Nilikuwa nimelitafuta gari la namna hiyo kwa muda mrefu. Vijana wa Marekani walioeneza mtindo wa hotirodi, yaani magari kuukuu yaliyofanyiwa ufundi ili yaende kasi, hawakuanza na magari ya fahari. Walichukua Ford kuukuu zilizopatikana kwa bei ya chini, hasa zile za mwaka 1932 zilizoleta injini ya V8, yenye silinda nane, kwa watu wa kipato cha kawaida, wakazivua madigadi na kila kisichohitajika, kisha wakaenda kushindana. Mwenye moyo kama huo leo hana haja ya kugombania magari ambayo picha zake zimejaa kwenye kuta za vyumba vya vijana. Toyota Caldina GT-T ina injini ya familia moja na ya Celica GT-Four, gari la rali, farasi 260, na bado watu huipakia magunia. Buick Regal GS ya kati ya mwaka 1997 na 2004, yenye V6 ya lita 3.8 na supachaja, binamu wa tabo anayezungushwa na injini yenyewe, farasi 240, ina sura ya gari la mstaafu anayekwenda kupima shinikizo la damu. Toyota Verossa yenye injini ya tabo ya 1JZ, farasi 280, wengi huikimbia kwa sababu ya uso wake. Nami niliikimbia kwa sababu hiyohiyo, wala sioni haya kukiri.

Uzuri wa magari haya ni kwamba hayasemi. Mimi nikataka langu liseme.

Ili msomaji aelewe kosa langu, ni lazima nieleze jambo moja. Tabo inaposukuma hewa kwenye injini halafu dereva akaachia pedali ya mafuta ghafla, mlango wa hewa hufungwa na hewa iliyokwisha kubanwa hukosa pa kwenda. Waliolitengeneza gari wameweka vali inayoirudisha hewa hiyo kimyakimya kwenye bomba linaloingia katika tabo. Zipo vali nyingine za kununua, zinazoitema nje kwa mlio wa "pshhh!" ambao kwa mtu mwenye ugonjwa wangu ni mtamu kuliko kinanda. Tatizo ni kwamba kihisio cha hewa kiko mwanzoni kabisa mwa njia: kimeshaihesabu hewa hiyo, na kompyuta imeshaiandalia petroli ya kutosha. Hewa ikitemwa nje, petroli inabaki peke yake kama mgeni rasmi katika sherehe iliyoahirishwa. Injini huyumba, pengine huzimika, na petroli isiyoungua huenda kulipukia ndani ya ekzosi yenye moto. Tena springi ya vali ikiwa laini mno, vali haifungi vizuri hata gari likiwa limesimama, na mngurumo hupanda na kushuka kama pumzi za mtu anayeota ndoto mbaya. Yote hayo yalikuwa yameandikwa katika karatasi ya maelekezo iliyokuja na vali. Niliisoma baada ya mazishi.

Vali niliifunga mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, nikiliziba lile bomba lililobaki wazi kwa kizibo cha mpira, na nikaijaribu mara mbili barabarani hadi mbwa wa mtaa mzima wakaamka. Nilirudi kulala nikiwa na furaha kubwa. Saa kumi na mbili asubuhi mama akanipigia simu: gari lililopangwa kuwabeba wazee limekataa kuwaka, na la kwangu lina nafasi, kwa hiyo niwachukue shangazi zangu watatu, mjomba, na mashada yote ya maua.

Mjomba, dereva mstaafu wa malori, alikaa mbele. Tuliondoka taratibu nyuma ya gari la maiti, na kwa kilomita ya kwanza mambo yalikuwa shwari, isipokuwa mngurumo uliokuwa ukipanda na kushuka na injini iliyozimika mara mbili pasipo sababu ya kuonekana. Kisha tukaanza kupanda kilima. Nikiwa na watu wanne na maua ya kujaza buti, ilinibidi nikanyage, tabo ikaamka, nikaachia mafuta ili nibadilishe gia.

"Pshhh!"

"Afya," akasema shangazi mkubwa kutoka nyuma.

Hakuna aliyejibu. Nikaingiza gia ya pili, nikakanyaga tena, nikaachia.

"Pshhh!"

"Mwanangu, ni wewe au ni gari?"

"Ni gari, Shangazi."

"Basi lifungie madirisha."

Baba mkubwa alikuwa mtu aliyeishi miaka 80 bila kupaza sauti, na sasa nilikuwa nikimsindikiza kwa chafya kila baada ya mita hamsini. Kwenye kona ya mwisho, mahali ambapo kilima ni kikali zaidi, niliachia mafuta kwa woga zaidi kuliko ilivyopasa, injini ikajaa petroli, na ekzosi ikajibu kwa sauti ya bunduki.

Ndege wote walioruka mtini wangeweza kusamehe. Dereva wa gari la maiti, ambaye bila shaka alidhani amepasukiwa na tairi, akafunga breki, aliyemfuata akafunga, msafara mzima ukasimama katikati ya mlima. Madereva wakashuka mmoja mmoja, kila mmoja akayazunguka magurudumu yake akiyapiga teke kwa uangalifu. Ningeweza kusema ukweli. Badala yake nilishuka, nikayapiga teke matairi yangu manne kwa uso wa mtu anayejali usalama, nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba hayakuwa yangu, nikarudi kwenye usukani. Mjomba hakuwa ameshuka. Alikuwa akilitazama tundu la boneti.

"Mpwa wangu," akasema polepole, "vali ya zamani umeitupa?"

"Iko kwenye buti, Mjomba. Chini ya maua."

Wakati wengine wakisikiliza wasifu wa marehemu, sisi wawili tulikuwa nyuma ya mti, boneti imefunguliwa, yeye akinishikia koti langu la suti na mimi nikilegeza boliti mbili kwa spana, vidole vikiungulia kwenye injini ambayo haikuwa imepoa. Kizibo kilikataa kutoka. Tulikivuta kwa zamu, na kilipotoka kilifanya "pok!" kama soda, wakati uleule watu walipotakiwa kukaa kimya kwa dakika moja. Vali ya zamani ikarudi mahali pake. Shada moja, nasikitika kusema, lilifika kaburini likiwa na alama ya mkono wa grisi.

Tuliporudi gari lilikuwa kimya kabisa, na shangazi zangu wakasinzia. Barabara ilikuwa tupu mbele yetu, imenyooka, na msafara ulikuwa umekwisha kutawanyika. Mjomba akatazama nyuma kuhakikisha kwamba wamelala, akafunga mkanda wake vizuri, kisha akasema kwa kunong'ona, "Hebu kanyaga kidogo nione."

Nikakanyaga. Mjomba aliegemezwa kwenye kiti bila ridhaa yake na akabaki hapo, akitabasamu, hadi gia ya nne. Shangazi mkubwa aliamka tukiwa tumesimama mlangoni pa nyumba, akatazama nje, akatazama saa yake, akaitikisa.

"Tumeshafika?" akauliza. "Afadhali. Na limepona mafua."